Tembe la babu, jiwe lenye michoro na barua mbili za kupinga: je, naweza kujenga?

*"Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi Dodoma mjini lakini kwetu ni kijiji kimoja cha Kondoa, upande wa Kolo. Mama yangu ana miaka 74, anaishi kwenye tembe alilojenga babu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mvua zilizopita paa la chumba cha nyuma limeshuka. Nimeamua kulibomoa nijenge palepale nyumba ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma na bati, na kuzungusha ukuta. Nilipeleka ombi na ramani. Zimeingia barua mbili za kupinga. Ya kwanza ni ya binamu yangu, anasema tembe ni la ukoo. Ya pili ni ya mzee jirani, anasema nitaziba njia ya kwenda kwenye jiwe lenye michoro, na kwamba hapa ni eneo la UNESCO, hairuhusiwi kujenga kitu kipya. Mtendaji ameniambia nisubiri watu wa Idara ya Mambo ya Kale waje kukagua. Huu ni mwezi wa tano nasubiri. Mawe ya msingi yako uwanjani. Fundi ananishauri nichimbe Jumamosi usiku, kwamba wakikuta kuta zimesimama hawatabomoa. Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijagusa sheria, niambie mama analala wapi usiku huu. Kama bado analala kwenye chumba kinachopakana na kile kilichoshuka, mhamishe leo. Paa la tembe ni udongo, na udongo ukilowa uzito wake huongezeka sana. Nguzo iliyoliwa na mchwa kwa ndani inaweza kusimama kiangazi kizima bila kuonyesha dalili, kisha ikakatika siku moja ya mvua. Tena Kondoa iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara. Mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kupima: aichome kwenye nguzo pale inapoingia ardhini. Ikizama kama inaingia kwenye muhogo uliochemshwa, nguzo hiyo haibebi kitu tena. Mwite fundi aweke nguzo za muda chini ya boriti. Hiyo si kujenga, na hakuna atakayekuzuia kumwokoa mzazi wako.

Sasa tuje kwenye ombi lako. Nikikusoma naona umebeba hofu tatu kwa pamoja: kwamba UNESCO imechukua kijiji chenu, kwamba jirani na binamu wana uwezo wa kukunyima kibali, na kwamba subira yako haina mwisho. Nianze na hiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi huko kwenu.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ilikuwa imekwisha kutangazwa kumbukumbu ya taifa tangu 1937, enzi za Mwingereza. UNESCO haimiliki hata shubiri moja ya ardhi yenu, haitoi kibali cha nyumba na haina askari wa kukubomolea. Ni serikali yetu, iliyoridhia mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977, ndiyo iliyoahidi kuitunza michoro hiyo, na inaitunza kwa sheria zetu wenyewe. Eneo lililoandikishwa lina kilomita za mraba 2,336. Fikiria ukubwa huo, unakaribia Jiji lote la Dodoma. Ndani yake kuna vijiji vizima, mashamba ya mtama, misikiti, makanisa, shule, na barabara kuu inayopanda Babati. Kama kujenga kitu kipya kungekuwa marufuku kote humo, basi shule zisingepata hata choo. Kwa hiyo mtu akikwambia "uko ndani ya eneo la UNESCO", bado hajakwambia chochote cha maana. La maana ni umbali wa kiwanja chako kutoka kwenye jiwe lenyewe, na kilichopo katikati.

Ninaijua hofu hiyo inatoka wapi, na siidharau. Kondoa neno "hifadhi" lina kumbukumbu yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba 1,256. Wazee wenu waliswaga ng'ombe kwenda kuishi ugenini. Anayekumbuka siku hizo akisikia "hifadhi" anasikia "hama". Lakini hifadhi ya michoro ni jambo jingine. Watu kuendelea kuishi pale, na hata kuendelea kufanya matambiko kwenye baadhi ya mapango, ni sehemu ya sababu zilizofanya Kondoa ikubaliwe kwenye orodha ile. Mahali kama pango la Mungomi wa Kolo pana thamani kwa sababu ya rangi iliyo ukutani, na pia kwa sababu wazee bado wanakwenda.

Hapo ndipo barua ya jirani yako inapobadilika sura, nami nitairudia.

Kwanza tembe. Watu wengi huamini kwamba nyumba ya zamani moja kwa moja ni mali kale, yaani kitu cha kale kinacholindwa na sheria. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe, bila tangazo lolote, majengo ya kabla ya mwaka 1863 na michoro ya miambani ya kabla ya mwaka huohuo. Jengo la baadaye hulindwa pale Waziri anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Tembe la babu yako lilijengwa baada ya Uhuru au karibu yake. Kama halijatangazwa, na sitarajii kwamba limetangazwa, sheria hiyo haikukatazi kulibomoa. Liulizie kwa maandishi ili upate jibu la maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Andika mambo mawili tu: je, kuna Tangazo la Serikali linalohusu nyumba hii au kiwanja hiki, na kama lipo, naomba namba yake na ramani ya mipaka. Barua ya namna hiyo huondoa maneno mengi ya "nimesikia".

Kwa hiyo wanachokwenda kukagua watu wa Mambo ya Kale ni nini, kama nyumba yenyewe si mali kale? Ni ardhi iliyo chini yake na jiwe lililo jirani yake. Nikae hapa kidogo, maana ukilielewa hili utaona kwamba huyo afisa si adui yako.

Michoro ya Kondoa, ile myekundu, imepakwa kwa udongo wenye chuma juu ya uso wa mwamba ulio wazi. Haina vanishi wala kioo. Imedumu kwa sababu mwamba umeifunika dhidi ya mvua na jua, na kwa sababu hakuna aliyeisumbua. Kinachoiua ni maji yanayotiririka juu yake, moshi, vumbi, mikono ya watu, na mtikisiko wa mwamba unaopasuliwa jirani. Chini ya mapango, na mara nyingi hata kwenye mteremko ulio mbele yake, udongo umehifadhi mabaki ya walioishi pale: vipande vya mawe yaliyochongwa, vigae, mifupa, majivu. Mabaki hayo yana maana yakiwa mahali pake, tabaka juu ya tabaka. Ukichimba msingi wa kina cha mita moja kwa jembe na sururu, unakata kurasa za kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Tembe la babu yako halikufanya hivyo. Tembe husimama juu ya nguzo zilizochimbiwa moja moja, halina mtaro unaozunguka nyumba nzima. Ndiyo sababu unaona ajabu kwamba nyumba ya zamani ilikaa pale miaka sitini bila ugomvi, na nyumba mpya inaleta kelele kabla haijaanza.

Kuna na maji. Paa la udongo hunywa mvua, kisha huiachia polepole. Bati hainywi kitu. Paa la mita za mraba 80, mvua ya milimita 30 ikishuka jioni moja, linamwaga lita 2,400 mahali pamoja. Kwenye udongo wa Kondoa, ambao historia yake ya makorongo unaijua kuliko mimi, maji hayo yasipoelekezwa yatachimba mfereji msimu wa kwanza. Mteremko ukielekea kwenye jiwe, umelipelekea jiwe mafuriko. Ukielekea kwa jirani, umempa sababu ya kuandika barua ya pili. Mfereji wa bati, bomba na tenki vinamaliza jambo hilo, tena mama anapata maji uani. Lakini ni lazima vionekane kwenye ramani. Ramani ulizopeleka, kama ni kama nyingi ninazoziona, zina vyumba, madirisha na sura ya mbele. Hazionyeshi maji yanakwenda wapi, kina cha msingi, wala umbali wa kutoka kwenye jiwe. Mkaguzi asiyeona hayo kwenye karatasi hawezi kusema ndiyo, hata akikupenda.

Na nikuulize swali ambalo hukuniuliza: hayo mawe ya msingi yaliyoko uwanjani yametoka wapi? Kama fundi aliyapasua kwenye miamba ya karibu na michoro, una tatizo kubwa kuliko nyumba. Kuharibu mwamba uliolindwa ni kosa la jinai, na atakayesimama mbele ya hakimu ni wewe uliyeyalipia mawe pamoja na aliyeyapasua. Kama yamenunuliwa kwenye machimbo yanayojulikana, tafuta stakabadhi uiweke kwenye jalada lako. Hali kadhalika tofali: tanuru lisichomwe pale kiwanjani. Moshi wake hupanda mteremko, na kuni zake hukatwa kwenye vilima vilevile vilivyotaabika kuota tena tangu mwaka 1979. Mimi ningebadili kabisa, nitumie tofali za kufungamana, zile za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Hazihitaji kuni, zinakula saruji kidogo kwenye kupanga, na rangi yake ya udongo haipigi kelele kilimani.

Ushauri wa fundi wako wa Jumamosi usiku nausikia kila mwezi. Sikubali kwamba kuta zikisimama hazibomolewi, maana nimeona zikibomolewa. Hata zisipobomolewa, kila kitu kitakuwa kimegeuka: leo wewe ni mwombaji anayecheleweshwa, kesho utakuwa mtuhumiwa aliyechimba bila kibali kando ya urithi wa taifa. Miaka ya nyuma nilimsaidia mzee mmoja katika mkoa huuhuu aliyefuata ushauri wa namna hiyo. Mtaro wake ulifukua vigae vya zamani, vijana wakaviweka kwenye ndoo na kuvionyesha kijiji kizima. Sheria inamtaka anayegundua vitu vya kale atoe taarifa, naye alikuwa hajatoa. Ilimchukua misimu miwili ya mvua kurudi mahali alipokuwa kabla ya kuchimba, na mawe yake yote yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na watu.

Sasa barua mbili. Kisheria pingamizi la jirani si kura. Hakuna mahali panaposema jirani akikataa kibali kinanyimwa. Pingamizi ni hoja, na mamlaka inapaswa kuipima kama hoja. Barua ya mzee ina hoja mbili ndani yake. Ile ya UNESCO haina miguu, nimekwisha kueleza. Ile ya njia ina miguu, na nikuambie ukweli, mimi ningekuwa mkaguzi ningesimama naye. Njia ambayo wazee wamepita miaka yote kwenda kwenye jiwe ni sehemu ya urithi unaolindwa. Ukuta wako ukiikata, umeharibu kitu hata kama hukugusa mchoro. Lakini angalia: anachopinga ni ukuta na upande wa nyumba. Hapingi mama yako kulala pakavu. Nenda kwake. Usiende na ramani mkononi wala usiende na binamu. Nenda na mama, mkakae, umsikilize. Kisha mwombe mtembee pamoja kwenye hiyo njia, mzee akuonyeshe inapita wapi hasa. Weka vigingi. Mara nyingi njia inayogombewa huwa na upana wa hatua tatu tu, na nyumba inaweza kusogea hatua tano bila mtu yeyote kupungukiwa. Badala ya ukuta panda minyaa upande huo. Mkikubaliana, andikeni, mtie sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na nakala iende kwa mtendaji na ofisi ya Mambo ya Kale iliyoko Kolo. Nakala hiyo ni nzito kuliko barua yoyote ya wakili.

Binamu ni habari nyingine kabisa, na usichanganye majalada. Kibali cha ujenzi hakimpi mtu umiliki, na mgogoro wa umiliki hauamuliwi na afisa wa majengo. Lakini afisa yeyote mwenye busara hatatoa kibali juu ya kiwanja ambacho mwenyewe hajulikani. Ardhi hiyo iko kwa jina la nani? Kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la babu, au la baba, au la mama, hali ni tofauti katika kila kisa. Kama hakuna hati, itisheni kikao cha ukoo na muandike muhtasari. Mama ameishi pale maisha yake yote ya ndoa, hilo lina uzito mkubwa, na kikao kingi nilichohudhuria huishia kumwachia mjane mahali pake iwapo vijana hawajatukanana kwanza. Ikishindikana, jambo linakwenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindwa wanatoa cheti cha kushindwa, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Umeniuliza pia, bila kusema wazi, kama inafaa kulibomoa tembe lenyewe. Niseme ninavyoona, ingawa uamuzi ni wenu. Matembe yanakwisha. Operesheni za miaka ya 1970 ziliwahamisha watu kwenye vijiji vipya, na tangu hapo bati limekuwa ndiyo alama ya nyumba. Tembe ni maarifa: baridi mchana, joto usiku, paa linaloanika mtama. Natamani libaki. Lakini sitakudanganya kwamba kulitengeneza ni rahisi. Linahitaji nguzo na boriti za mti mgumu, na miti hiyo haikatwi bila kibali, wala sioni haki ya kumaliza mti wa kilima ili kuhifadhi nyumba ya bondeni. Linahitaji pia mtu wa kupandisha udongo mpya paani mara kwa mara, na mama ana miaka 74. Njia ya kati ninayoipendelea ni hii: chumba cha nyuma kilichoshuka kibomolewe, nyumba mpya ndogo ijengwe upande wa mbali na jiwe, na vyumba viwili vya mbele vya tembe vibaki kama stoo na jiko, paa lake lipunguzwe uzito au lifunikwe. Kufanya hivyo kunampa binamu tembe lake la ukoo, kunampa mzee njia yake, na kunakuondolea nusu ya hoja mezani. Gharama inapanda kidogo kwa sababu hutumii msingi mmoja, lakini unapunguza ukuta wa uzio ambao kwa kweli ulikuwa unakula fedha nyingi.

Jambo moja la kitaalamu mkiamua kubakiza vyumba hivyo: msipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Udongo hupumua, unyevu huingia kwa chini na kutokea kwenye uso wa ukuta. Saruji huufungia ndani. Kwa nje utaona ukuta mzuri mgumu, huku ndani udongo unageuka uji, hadi siku lipu inabanduka na kipande cha ukuta kikiwa kimeng'ang'ania mgongoni mwake. Tumieni udongo, mchanga na samadi kama bibi alivyofanya.

Kuhusu miezi mitano: usisubiri waje, nenda wewe. Ofisi ya Kolo haiko mbali na kwenu. Chukua mchoro mpya unaoonyesha jiwe, njia, vipimo vya umbali, mwelekeo wa maji na kina cha msingi. Omba tarehe ya ukaguzi kwa barua, nawe ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Pendekeza wewe mwenyewe kwamba siku ya kuchimba awepo mtu wao kuangalia, na kwamba kikionekana kigae au mfupa kazi inasimama na taarifa inatolewa. Ofisa anayeletewa masharti na mwombaji mwenyewe huona njia ya kusema ndiyo. Kisha pita kwa afisa mipango wa halmashauri umuulize kama kitongoji chenu kimekwisha kutangazwa kuwa eneo la upangaji, maana hilo ndilo linaloamua kama kibali kinatoka halmashauri au mambo yanaishia kwenye halmashauri ya kijiji na mpango wake wa matumizi ya ardhi. Na kama kiwanja kinagusa barabara kuu, pima kwanza: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na humo hakuna kibali kitakachokusaidia.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukipewa hati ya zuio, au wito wa baraza, au mtu akikutuhumu kwa mawe yale, usijibu kwa mdomo wala usitie sahihi chochote siku hiyo. Tafuta wakili, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yao haina malipo. Na kabla hujachora upya, mlipe mbunifu majengo au fundi sanifu afike kiwanjani kwa miguu yake, aone mteremko. Mimi niko Dodoma, siuoni.

Mvua za kwenu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Nyumba mpya haitawahi msimu huu, nawe usijipe presha hiyo. Kinachoweza kuwahi ni nguzo za muda chini ya boriti, turubai juu ya paa, na chumba kingine cha mama kwa mtu wa karibu. Pengine hata kwa huyo mzee jirani, kama mtakuwa mmekwisha kuitembea ile njia pamoja.